Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii na Wanyamapori: Wari wanalala Elmenteita, wanakula Nakuru

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu wari, wale ndege wakubwa weupe wenye mfuko chini ya mdomo, ambao hutaga kwenye visiwa vya mawe vya Ziwa Elmenteita. Ombi langu ni moja na nalitanguliza kabla barua haijawa ndefu: ulinzi wa ndege hawa usiishie kwenye mpaka wa kila ziwa. Elmenteita ni chumba chao cha kulala, jiko lao liko Nakuru. Serikali imetia kufuli kila mlango peke yake, lakini ua ulio katikati, yaani anga, mashamba na nyaya za umeme, hauna mwenyewe.

Mimi ni dereva wa matatu kati ya Gilgil na Nakuru. Mengine ya humu nimeyaona kupitia kioo cha mbele, mengine nimeyasoma, na mengine nimeelezwa na waongoza watalii ninaowabeba asubuhi wakienda kazini. Ukitoka Gilgil, ukishapita Kikopey pale kwa wachoma nyama, ziwa linakuwa upande wako wa kushoto hadi karibu na Mbaruk. Abiria wengi hawaligeukii, wako kwenye simu. Lakini kama saa tatu asubuhi, jua likishapasha ardhi joto, utawaona wari wakipanda. Hawapigi mabawa ovyo. Wanatafuta mahali hewa ya moto inapoinuka, wanaingia humo na kuzunguka polepole, duara juu ya duara, mpaka wanakuwa vitone vyeupe. Wakifika juu wanaelekeza midomo upande wa Nakuru na kuteleza hadi huko bila jasho. Kabla ya saa hiyo huwaoni angani kwa wingi, kwa sababu mwili wao ni mzito mno kubebwa na mabawa peke yake kwa safari ya kila siku.

Uzito wenyewe si wa kupuuza. Dume la mwari mweupe lina kilo 9 hadi 15, jike ni jepesi kidogo. Mabawa yakinyooshwa hukaribia mita 3, na yapo yanayopita hapo. Ni miongoni mwa ndege wazito zaidi duniani wanaoweza kuruka. Mwenzake mdogo, mwari mwenye mgongo wa rangi ya waridi, tunaye pia Kenya, lakini huyo hujenga kiota juu ya mti na aghalabu huvua peke yake. Mweupe hutaga chini, kwenye mwamba au udongo mtupu, tena kwa makundi makubwa, na hapo ndipo shida yake inapoanzia.

Ndege anayetaga chini hawezi kutaga popote. Anataka kisiwa ambacho fisi na mbweha hawafiki, na mtu hafiki. Upande wa mashariki wa Elmenteita kuna miamba ambayo maji yakipanda kiasi hugeuka visiwa vidogo. Hapo wamewahi kuzaana hadi jozi 8,000. Maji yakishuka, miamba inaungana na nchi kavu na mnyama anatembea tu mpaka kiotani. Yakipanda kupita kiasi, pa kutagia panabaki padogo. Kwa hiyo kuna miaka ya neema na miaka ya hasara. Jike hutaga kwa kawaida mayai mawili, wazazi huatamia kwa zamu muda wa kama mwezi mmoja, kisha makinda huchukua zaidi ya miezi miwili kabla ya kuruka. Kinda huanza kuzaa lifikapo miaka 3 au 4. Huyu si kuku, Mheshimiwa. Ukiharibu msimu mmoja, pengo lake utaliona kwa miaka.

Sasa njoo kwenye chakula. Elmenteita ni ziwa la magadi, na mwari hawezi kushibia humo. Samaki wa kuonekana ni wale wadogo wa kwenye chemchemi za maji moto kule kusini. Hii ndiyo sababu ya ile safari ya saa tatu. Nakuru nayo zamani haikuwa na samaki wa kumvuta mwari. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 waliletwa perege wadogo wa Ziwa Magadi, wenye uwezo wa kuishi kwenye maji ya chumvi na joto, ili wale viluwiluwi vya mbu. Samaki wakazaana, na ndege wala samaki wakafuata. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 wari walikuwa wameshaanza kutaga Elmenteita, pale ambapo heroe, au flamingo kama wengi tunavyowaita, walikuwa wakijenga viota vyao, na wakawasukuma kando. Kwa hiyo kundi hili ambalo leo tunajivunia mbele ya dunia lilikuja kwa sababu ya uamuzi wa watu kuhusu mbu. Nalisema hili kwa makusudi. Mkono wa mtu ulioweka chakula mezani ndio unaoweza kukiondoa.

Kama hujapata nafasi ya kuwatazama wakivua, tenga asubuhi moja. Niliwahi kupeleka wanafunzi mbugani Nakuru, na tulisimama ufukweni tukawaona wakiwa kama kumi hivi, wamejipanga nusu duara kama kiatu cha farasi, wanaogelea taratibu kuelekea kwenye maji mafupi. Hakuna anayepayuka. Ghafla vichwa vyote vinazama kwa pamoja, mabawa yanainuliwa nusu, kisha vinatoka kwa pamoja. Mfuko umejaa maji na umening'inia. Wanaubana kifuani, maji yanachuruzika pande zote mbili za mdomo, na ndipo unaona kichwa kikiinuliwa na samaki akiteremka shingoni. Baada ya sekunde chache wanajipanga upya na kuzama tena. Wanandi, wale ndege weusi wapiga mbizi, walikuwa pembeni wakidaka samaki wanaoponyoka. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu wa gari, nani anawapigia filimbi?" Sikuwa na jibu, na wala hakuna filimbi.

Wengi hudhani mfuko ule ni wa kubebea samaki kupeleka nyumbani. Sivyo. Ni wavu. Unaweza kuchota lita kumi na kitu za maji kwa mkupuo, lakini hauwezi kusafiri umejaa. Samaki anamezwa hapo hapo, anasafiri tumboni, na kule kisiwani kinda linaingiza kichwa ndani ya koo la mzazi na kula kilichocheuliwa. Maana yake ni kwamba kila mlo wa kinda la Elmenteita umevuliwa mbali na kuletwa kwa mabawa. Mwari mmoja anahitaji kama kilo moja na ushee ya samaki kwa siku. Chukua kilo moja tu, na chukua ule mwaka wa jozi 8,000: ni tani 16 kwa siku, bila kuhesabu makinda. Ziwa lenye magadi lililozungukwa na jiji haliwezi kutoa hizo daima bila mtu kuliangalia.

Na jiji lipo kweli. Nakuru ilipata hadhi hiyo mwaka 2021, na ukitazama kutoka majabali ya mbugani unaona paa za nyumba zikianzia pale ua unapoishia. Mvua kubwa ikinyesha, uchafu wa mitaa unateremka kuelekea ziwani, kwa sababu ziwa ndilo bonde na halina mto wa kutoka. Mto Njoro nao unashuka kutoka Mau ukiwa na udongo wa mashamba. Katikati ya miaka ya 1990 ziwa lilikaribia kukauka. Kisha kuanzia 2010 likaanza kufura, likameza lango kuu la mbuga na nyumba za watu wa Barut na mitaa ya karibu. Maji yalipoongezeka yalipungua chumvi, na perege wakubwa wa kawaida, wale wa kwenye sahani, wakaonekana humo. Waliofuata ni wavuvi.

Hapa lazima niseme neno kuhusu watu, maana nisipolisema nitakuwa nimeandika barua ya mtu aliyeshiba. Mzee mmoja kutoka Barut, aliyepoteza shamba kwa maji, aliketi kiti cha mbele siku moja akasikia nikimsifia mwari kwa mtalii. Akaniambia, "Kijana wangu, ziwa limekula shamba langu. Samaki akija mlangoni kwangu, nimwachie ndege?" Nilimjibu, "Mzee, sikulaumu." Bado simlaumu. Serikali imewahi kuonya kwamba samaki wa ziwa hilo si salama kwa sababu ya madini mazito na uchafu, lakini onyo bila fidia ya shamba lililozama ni maneno tu kwa mtu mwenye njaa. Ukitaka nyavu zitoke kwenye jiko la wari, anza na hao waliohamishwa na maji. Usipeleke askari wenye bunduki kabla hujapeleka wa ardhi na fidia.

Washauri wako watakueleza kwamba mwari mweupe hayumo kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani. Ni kweli. Wako wengi, kuanzia Senegali hadi Rukwa nchini Tanzania, na kutoka Ulaya Mashariki hadi Asia. Lakini wingi huo unategemea sehemu chache sana za kutagia, na ndege waliojazana mahali pamoja wanaweza kuanguka pamoja. Januari 2021, katika hifadhi ya Djoudj nchini Senegali, wari 750 walikutwa wamekufa kwa homa ya mafua ya ndege. Mwaka uliofuata ugonjwa huo uliua zaidi ya nusu ya wari wa jamii nyingine, wale wenye kishungi, waliokuwa wakizaana katika ziwa Mikri Prespa nchini Ugiriki, koloni lililokuwa kubwa kuliko yote ya jamii hiyo. Hawa hawakupungua mwaka hadi mwaka kiasi cha mtu kushtuka mapema. Walikuwepo, kisha hawapo.

Ila mfano unaonikosesha usingizi ni wa jirani. Ethiopia ina maziwa mawili yaliyokaa bega kwa bega ndani ya hifadhi moja ya taifa, Shala na Abijatta. Leslie Brown, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi miaka mingi hapa Kenya, aliwachunguza wari wa Shala pamoja na Emil Urban katika miaka ya 1960. Walikuwa wakitaga kisiwani Shala, ambako chakula hakikuwatosha, na kuruka hadi Abijatta kula. Unaona mpango ni ule ule wetu. Halafu maji ya mito inayolisha Abijatta yakachukuliwa kwa kilimo cha umwagiliaji, na kiwanda cha magadi kikavuta maji ya ziwa lenyewe. Abijatta likasinyaa, chumvi ikazidi, samaki wakaisha. Hakuna aliyekwenda Shala kuvunja mayai. Kisiwa kiko palepale, hakuna aliyekigusa, na wari wakapungua kwa sababu jikoni hakuna kitu.

Sisi karatasi tunazo nzuri kuliko wengi. Nakuru liliingia kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu muhimu duniani, mwaka 1990, la kwanza Kenya. Elmenteita likafuata 2005. Mwaka 2011 UNESCO iliyaandika Elmenteita, Nakuru na Bogoria kuwa Urithi wa Dunia kwa pamoja, na moja ya sababu zilizotajwa ni kwamba Elmenteita ni mahali muhimu pa kuzaana kwa wari weupe. Tunayo Sheria ya Wanyamapori ya 2013, na Katiba kifungu cha 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kinachokosekana ni mtu mmoja ambaye, ukimuuliza asubuhi wari wa Elmenteita wamekula wapi jana, atakujibu. Ukienda mbuga ya Nakuru, ndege ni wao wakiwa majini. Ukienda Elmenteita, ni wa hifadhi ya wanyama na wa hifadhi ya binafsi inayolizunguka ziwa. Katikati ni wa nani? Wakienda upande wa Naivasha na ziwa dogo la Oloidien kutafuta riziki pale Nakuru pakikauka, ni wa nani?

Swali la katikati si la nadharia kwangu. Mwaka jana, wakati wa mvua, niliona watoto wamejazana pembeni ya barabara, chini ya nyaya za umeme. Nilisimama, makanga wangu akanung'unika kuhusu muda, nikamwambia atulie. Alikuwa ni mwari mkubwa, bawa moja limevunjika karibu na bega, ameshakufa. Mtoto mmoja alikuwa amefungua mdomo wake kwa mikono miwili akishangaa ngozi ya njano inavyotanuka. Kwenye ncha ya mdomo wa juu kuna ndoano nyekundu kama ukucha. Vidole vyote vinne vya mguu vimeunganishwa kwa utando. Nilipombonyeza kifuani, ngozi ilitoa sauti ndogo ndogo za kupasuka chini ya kidole, kwa sababu chini yake kuna vifuko vya hewa vinavyomsaidia kuelea. Ndege wa ukubwa huo hawezi kukata kona ghafla. Akitokea chini ya wingu au wakati wa manyunyu, waya mwembamba hauoni mpaka uko kwenye bawa. Nilipiga simu kwa nambari iliyobandikwa kwenye nguzo. Mtu wa upande wa pili aliuliza kama umeme umekatika. Nikasema hapana, ndege amekufa. Akasema basi hakuna hitilafu, akakata.

Nyaya zinaweza kuwekwa alama. Ni vitu vidogo vya kung'aa au vya kuzunguka na upepo, vinafungwa kwenye waya kila baada ya hatua kadhaa ili ndege auone kutoka mbali. Nchi nyingi hufanya hivyo kwenye njia za ndege wakubwa. Na sasa ndio wakati wake, kwa sababu mradi wa kupanua barabara kuu kutoka Rironi hadi Mau Summit unapita mlangoni kwa Elmenteita. Nguzo zitahamishwa, taa zitaongezwa, maduka yatajengwa na kila duka litavuta waya wake. Mimi naitaka hiyo barabara kuliko mtu yeyote. Nimezika wenzangu wawili kwa sababu ya kupishana na malori kwenye ile njia nyembamba. Lakini waya unaohamishwa leo unaweza kufungwa alama leo kwa gharama ndogo. Ukishasimama, kurudi kuufunga ni bajeti nyingine na vikao vingine.

Kisiwani penyewe panataka utulivu, na hilo halihitaji fedha nyingi. Wari wakishtuliwa wakati wanaatamia, wanaruka wote kwa pamoja, na marabu na shakwe hawangoji kualikwa. Dakika kumi za ndege ndogo inayopita chini kupiga picha, au droni ya mtu anayetafuta video ya harusi, zinatosha kupoteza mayai ya kiambo kizima. Toa agizo la msimu: koloni likianza, hakuna chombo cha angani chini ya kimo fulani na hakuna mashua karibu na miamba, na hoteli za ukingoni ziambiwe kwa maandishi. Wageni wataona wari vizuri tu kutoka ufukweni, kwa darubini.

Usidhani nakuomba upiganie jambo lililokwisha. Marekani, jimbo la Louisiana lina mwari kwenye bendera yake, na kufikia 1963 halikuwa na hata mmoja wa kahawia anayezaana humo. Dawa za kuua wadudu, DDT ikiwemo, ziliingia kwenye samaki, na maganda ya mayai yakawa membamba kiasi cha kupasuka chini ya mama anayeatamia. Walianza kuleta makinda kutoka Florida mwaka 1968, DDT ikapigwa marufuku 1972, na mwaka 2009 ndege huyo akaondolewa kwenye orodha ya walio hatarini. Miaka arobaini ya kazi. Sisi bado tuna ndege. Kazi yetu ni nyepesi kuliko yao.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ninachoomba kwa vitendo ni mpango mmoja wa usimamizi unaotaja maziwa haya na anga iliyo kati yao kwa pamoja, wenye ofisa mmoja anayewajibika, na ambamo samaki wa Nakuru wanahesabiwa kama sehemu ya ulinzi wa wari badala ya kuachwa kuwa shughuli ya idara nyingine. Shirika la umeme liketi kwenye meza hiyo, na wa barabara, na kaunti kwa sababu ya majitaka, na wazee wa Barut. Ndege wa majini huhesabiwa kila Januari katika maziwa ya Bonde la Ufa. Hesabu ya wari ya kila ziwa, pamoja na idadi ya viota vya Elmenteita, ibandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi za machifu na steji za Gilgil, Mbaruk na Nakuru. Abiria wangu wanasoma kila kinachobandikwa, hata matangazo ya waganga.

Ukija kukagua barabara, njoo usipite moja kwa moja. Simama pale juu penye mandhari ya ziwa, saa tatu na robo hivi, na umwombe mtu wa umeme asimame nawe. Nikipita na gari nitawapigia honi.

Wako mtiifu,
Dereva wa matatu, njia ya Gilgil–Nakuru

Nakala: Gavana, Kaunti ya Nakuru